Ukoo wa Bi Mwanahawa 🌴 (mambo muhimu tu)

*Jumanne*

Salim 20:04
Asalaam aleikum wote. Nimetoka dukani kwa shangazi sasa hivi. Ile kompyuta ya steshenari unakaanga maandazi sufuria nzima haijawaka. Leo mwanafunzi kachomeka flashi yake, mafaili yote yamegeuka shotikati. Tulimalize hili leo leo.

Salim 20:06
Windows 10 aliyonayo shangazi, Microsoft walimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kizazi cha nane kwenda juu, ya shangazi ni ya nne. Fundi wa sokoni anataka kumwekea iliyochakachuliwa, ndiyo hiyo hiyo iliyoleta virusi mara ya kwanza. Napendekeza Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Bure, halali, apdeti mpaka 2029.

Salim 20:37
Naona mmesoma 👀

Mwajuma 20:41
Waaleikum salaam. Maandazi ya nani?

Zuhura 20:41
😂😂😂

Shangazi Rehema 21:15
Salim mwanangu, mimi nataka kuchapa tu. Ripoti za filidi na kadi za mchango. Hiyo Linukisi ina Word?

Salim 21:17
Shikamoo shangazi. Word haina, ina LibreOffice, programu za ofisi za bure. Inafungua mafaili ya Word na kuyahifadhi hivyo hivyo. Times New Roman haiji nayo, kuna fonti mbadala yenye upana ule ule wa herufi, kwa hiyo ripoti ya kurasa 40 haigeuki 43. Ila jedwali likiwa gumu unalikagua kabla ya kuprinti.

Shangazi Rehema 21:20
Marahaba. Na Publisher? Kadi zangu zote zimo humo

Salim 21:22
Hiyo haimo. LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher, lakini maua yanaweza kuhama. Na Microsoft wenyewe wanaizika Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo hata ukibaki huko utahama tu.

Shangazi Rehema 21:23
Maua yanahamia wapi?

Mjomba Hamisi 21:23
Korogwe

Zuhura 21:24
😂😂 mjomba jamani

Zuhura 21:26
Kaka Salim mwekee Linux yenye sura ya KDE Plasma, ndiyo nzuri, wote chuoni tunatumia. Unabadilisha kila kitu mpaka kivuli cha dirisha

Salim 21:29
Shangazi hataki kubadilisha kivuli cha dirisha. Anataka menyu ikae kushoto chini palepale alipoizoea. RAM ni giga 4 na diski ni ile ya kuzunguka. Mint inakuja na sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. KDE waliiacha tangu toleo la 19. Ndani mfumo ni mmoja, kinachotofautiana ni menyu, madirisha na RAM inayoliwa. Xfce ndiyo nyepesi kuliko zote. Akiichoka tunamwongezea Cinnamon juu yake bila kufuta kitu, anachagua pale anapoweka nenosiri.

Zuhura 21:30
Xfce imekaa kizee

Shangazi Rehema 21:31
Mzee nani?

Zuhura 21:31
Hapana shangazi nimesema Xfce 🙈 na nembo yake ni panya

Mjomba Hamisi 21:33
Panya kwenye duka la karatasi? Salim unamtakia mema dada yangu kweli

Mwajuma 21:34
Apelekwe na paka wa bibi

Salim 21:40
Turudi kwenye hoja. Nahitaji: (1) flashi ya giga 8 ambayo mwenyewe hajali ikifutwa, (2) mtu mwenye bando, faili la Mint la kushusha ni karibu giga 3, (3) Jumamosi shangazi afunge duka saa nane mchana. Nani anachukua lipi?

Salim 22:15
Jamani

*Jumatano*

Mjomba Hamisi 06:12
Kwani hii ndiyo ile Jambo OpenOffice waliyotoa Chuo Kikuu Mlimani mwaka 2004? Ofisini tuliwekewa. Menyu Kiswahili kitupu, bosi akatafuta pa kuprinti mpaka saa ya chai

Salim 06:30
Ukoo wake ni huo huo mjomba, LibreOffice ilitokana na OpenOffice. Una flashi?

Zuhura 07:02
Mimi nitashusha faili usiku, nina kifurushi cha chuo

Mwajuma 07:45
Mimi naomba kuuliza kitu kimoja tu. Anayetaka kuishika kompyuta ya mama si ndiye huyu huyu wa video yangu ya harusi?

Salim 07:47
Dada, ile diski ilikufa yenyewe. Tulishayaongea.

Mwajuma 07:48
Mliongea nyinyi. Mimi nilikuwa jikoni napika kilichowalisha

Salim 07:50
_Ujumbe huu umefutwa_

Mwajuma 07:51
Nimeshausoma

Shangazi Rehema 08:10
Msianze asubuhi

Salim 08:14
Sawa. Mint ikishaandikwa kwenye flashi tunaiwasha kompyuta huku tukibonyeza F12, Mint inafunguka kutoka kwenye flashi yenyewe, diski haiguswi. Shangazi anaichezea, tunajaribu printa na Wi-Fi. Asipoipenda tunachomoa, Windows yake iko palepale. Akiipenda ndipo tunasakinisha, tena kwa kugawa diski, mifumo yote miwili ikae, kadi za Publisher abaki nazo.

Baba Mkubwa Athumani 09:30
Nimesoma yote. Ndani ya kompyuta hiyo kuna picha za marehemu za Pangani na hati za kiwanja alizoskani mwenyewe. Haiguswi mpaka vitolewe, viwekwe mahali pawili, na mimi nivione kwa macho yangu. Mwajuma, una haki. Salim, nipigie.

Mwajuma 09:31
Shikamoo Baba Mkubwa. Ahsante

Zuhura 09:31
Shikamoo Baba Mkubwa 🙏

Mjomba Hamisi 09:33
Shikamoo kaka

Salim 09:34
Shikamoo Baba Mkubwa, nimeelewa. Ila kwa flashi diski haisomwi wala haiandikwi kama hatujaibofya wenyewe, kwa hiyo majaribio ya Jumamosi hayana

Baba Mkubwa Athumani 09:36
Nimesema nipigie.

*Alhamisi*

Salim 13:05
Nimeongea na Baba Mkubwa. Inatakiwa diski ya nje ya kuhifadhia, na nakala ya pili ikae kwa Mwajuma. Nani ananunua diski? Tuchange?

Abdul (Muscat) 23:50
Nimeona sasa hivi. Kwa nini msimnunulie mpya? Diski ninayo hapa ya tera 1, nitakuja nayo Desemba inshallah

Salim 23:52
Desemba mbali Abdul. Tuma hela tununue hapa

Salim 23:58
Abdul?

*Ijumaa*

Zuhura 07:20
Faili limeshuka lakini nimechukua ya Cinnamon kwa bahati mbaya 😬

Salim 07:21
Zuhura.

Zuhura 07:22
Itaenda tu, giga 4 inatosha. Itajivuta kidogo

Shangazi Rehema 07:40
Jumamosi siwezi, kuna watu wa kadi za harusi ya Magomeni wanakuja kuchukua mzigo. Jumapili baada ya adhuhuri, na Baba Mkubwa awepo

Mwajuma 07:44
Na mimi nipo

Salim 07:45
Flashi bado. Mjomba?

Mjomba Hamisi 07:59
Ninayo, ina kaswida. Nitatafuta pa kuziweka kwanza