Naombeni ushauri: kiitikio niimbe au nichane tu?

Binti_Kirumba (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 23, naishi Kirumba, Mwanza. Mchana nipo kibandani nafanya miamala na kuuza vocha, usiku naandika mistari. Nachana ile rap ya kutisha, wenyewe wanaiita horakoo: makaburi, ziwa usiku, kitu kinachogonga chini ya mtumbwi. Nina wimbo mmoja, beti mbili zimekamilika, zote za kuchana kavu. Shida ni kiitikio. Prodyuza anataka kiwe na melodi, anasema bila kuimba redio hawachezi. Shoga yangu anasema nikiimba nimelainika, nihamie Bongo Fleva tu nijulikane moja. Nina wiki moja. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Ngoja_Waje:
Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kambi, karanga ninazo.

Mzee_wa_Mkuyuni:
Binti yangu, umri huo na makaburi wapi na wapi? Sisi tuliokuwa hapa Mei 1996 MV Bukoba ilipozama hatuhitaji mtu wa kututisha na ziwa. Nilikuwa nasukuma mkokoteni bandarini. Mpaka leo daladala ikipita Igoma karibu na yale makaburi naacha kuongea mpaka tuyapite, hata kama nilikuwa nadai chenji. Imba nyimbo za mapenzi.

Sato_Mkavu:
Weka sauti tusikie. Uzi wa muziki bila sauti ni ugali wa shikamoo.

Kaseti_Mbovu:
Mzee shikamoo, ila hukujibu swali.

Dada, nani kakudanganya kwamba melodi inalainisha? Bone Thugs-N-Harmony wa Cleveland walianza na mambo hayohayo ya giza, wanachana mbio huku sauti zimepangana kama kwaya. Mwaka 1996 wakatoa wimbo wa kuwalilia marehemu wao, akiwemo rapa Eazy-E aliyewatoa, na dunia nzima ikaimba nao. Njoo Memphis: Three 6 Mafia, albamu yao ya 1995, mle ndani kuna Gangsta Boo, binti ambaye hata miaka 20 hajafika, anawaburuza wanaume. Viitikio vyao vingi si vya kuimba hasa. Ni mstari mmoja unarudiwa mpaka unageuka kama zindiko. Noti mbili tu, lakini hiyo nayo ni melodi. Karibu na kwetu, mtafute Backxwash, dada aliyezaliwa Lusaka anayeishi Canada, alichukua Polaris 2020, tuzo ya albamu bora ya Canada, kwa kazi ya giza tupu.

Kupiga kelele hakutishi. Kinachotisha ni mtu anayekubembeleza kama mtoto huku maneno yenyewe ni ya kuua. Kwa hiyo beti chana mdomo karibu na maiki, bila mwangwi. Kiitikio imba polepole, nusu ya mwendo wa biti, halafu rudia sauti yako oktavu moja chini, iwekwe kwa mbali kama kuna mtu nyuma yako. Na usiende mbali kutafuta mfano. Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, wanatambiana kwa nyimbo, ngoma na dawa tangu enzi za mababu. Nenda Bujora wakati wa Bulabo, sherehe yao ya ngoma, ukasikie.

Binti_Kirumba:
Asante sana kaka Kaseti, nimehifadhi. Ila kusema kweli kiitikio kipo tayari. Sauti tu ndiyo si yangu.

Mama_Dagaa:
Ya nani?

Binti_Kirumba:
Ya ndugu.

Mama_Dagaa:
Ndugu yupi, na aliimba kwa hiari yake? Mwanangu, hukosi usingizi kwa sababu ya melodi.

Binti_Kirumba:
Sawa. Ni shangazi yangu, na hajui.

Mwezi wa nne binamu yangu alikwenda kuvua dagaa. Mtumbwi ukaokotwa asubuhi karabai bado zinawaka, yeye hayumo. Siku ya tatu walipomleta, shangazi akalia. Wakuu, kile si kilio cha kawaida. Anapanda, anashuka, anamwita jina, anaita na mababu, halafu mwisho wa kila mstari anaushusha taratibu kama mtu anayetua ndoo kichwani. Nilikuwa nachaji simu pale mlangoni, nikabonyeza kurekodi. Sekunde 41. Kuna mbwa, kuna sufuria zinagongana, na sekunde ya 14 kuna mama anauliza, "Sukari imebaki?" Prodyuza ameiweka juu ya biti imekaa kama ilizaliwa hapo.

Msinihukumu. Siku hizi watu wanarusha mazishi mubashara na hakuna anayesema. Na nusu ya hela ya studio nimeshalipa.

Wakili_wa_Baa:
Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda hata mtumbuizaji, si mtunzi peke yake. Shangazi adai mgawo wake. Na yule wa sukari naye apewe chochote.

Mama_Dagaa:
Wakili, acha utani kwenye msiba wa watu.

Mwanangu, nilipomzika baba watoto sijui nilisema nini. Nasimuliwa tu. Waliniambia nilimdai hela ya ada mbele ya jeneza. Sasa fikiria nipo kwenye daladala, konda anafungulia redio, natoka mimi. Ningeshukia hapohapo hata kama ni katikati ya barabara.

Mpimaji_Chai:
Samahani wakuu, chai hii imezidi tangawizi. Moja, karabai zipi? Wavuvi siku hizi wana taa za sola. Mbili, mtumbwi wa dagaa haendi mtu mmoja, wenzake wako wapi? Tatu, huyu dada kwenye uzi wa mwezi uliopita alijitambulisha Mkerewe. Shangazi yuko wapi, na alilia lugha gani? Hii ni kiki ya wimbo.

Ngoja_Waje:
Naongeza karanga.

Binti_Kirumba:
Taa ni za sola, kwetu jina limebaki karabai. Walikuwa watatu. Wawili waliogelea. Sikuwataja kwa sababu mmoja ndiye alikuwa nahodha na mpaka leo hapiti nyumbani kwa shangazi.

Shangazi ni Mkerewe, dada wa baba. Ameolewa kwa Wasukuma kule Sengerema zaidi ya miaka 30. Anapatana bei kwa Kisukuma, anagombana kwa Kisukuma, watoto wake wanajua Kisukuma tu. Siku ile alilia Kikerewe. Mumewe alikuwa amesimama pale pembeni haelewi hata neno. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye wimbo, na nimejaribu kukiandika, sikiwezi.

Kaseti_Mbovu:
Aisee.

Mpimaji_Chai:
Kaandika vizuri, nakubali. Chai nzuri nayo ni chai.

Mama_Dagaa:
Panda kivuko cha Kamanga kesho asubuhi, vuka uende kwa shangazi, kaa naye, msikilizishe. Akisema futa, ufute mbele yake.

Binti_Kirumba:
Kumsikilizisha msiba wake kwenye spika ya simu? Na hela yote ipo studio.

Sato_Mkavu:
Weka namba nikurushie nauli.

Mpimaji_Chai:
MMEONA? Chai zote huishia kwenye namba ya simu 😂

Binti_Kirumba:
Sitaki nauli ya mtu.

(siku tano baadaye)

Binti_Kirumba:
Nimerudi. Sikwenda. Nilimpigia, nikamuuliza habari za mbuzi, tukaishia kwenye mbuzi.

Kiitikio nimeimba mwenyewe, kwa Kikerewe changu cha kuokota, polepole kama Kaseti alivyosema, na ile oktavu ya chini ipo. Mara ya tatu sauti ilikatika nilipofika kwenye jina. Nikaomba turudie, prodyuza akakataa. Ile ya shangazi tumeishusha chini kabisa, haisikiki. Labda uvae hedifoni. Pale mwishoni biti ikinyamaza, kuna mtu anaulizia sukari.

Mama_Dagaa:
Kwa hiyo imo.

Mpimaji_Chai:
Subirini, sasa hivi anaweka kiungo.

Ngoja_Waje:
Kiko wapi? Karanga zimeisha.