Utepe wa mkono umesoma manjano, zahanati wakasema kijani. Nifuate kipi?

MamaMatondoni
Assalamu aleikum. Mhamasishaji wa afya wa mtaa wetu kaja nyumbani kampima mwanangu wa miezi 14 kwa ule utepe wa rangi wa kupima utapiamlo, unaozungushwa mkononi: sentimita 12.2, manjano. Wiki iliyofuata zahanati wakapata 12.7, kijani. Bibi yake asema niachane nao, mtoto ni mwembamba kama babake.

Kisiwani
Waaleikum salaam dada. Nusu sentimita huja kwa kupima ovyo tu. Mkono ni wa kushoto, nguo ivuliwe. Kiwiko hukunjwa kwanza, atafute katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, atie alama kwa kalamu. Kisha mkono unyooke na kulegea ubavuni, ndipo utepe uzungushwe. Mtoto akikaza mkono, msuli hutuna na kipimo kupanda. Utepe ukivutwa hadi ngozi ijikunje, kinashuka. Kirudiwe mbele yako. Kwa sasa mchukulie ni wa manjano.

BintiShela
Manjano ni kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu haingoji kesho. Mipaka hiyo ni ya watoto wote wa miezi 6 hadi 59, baba awe mwembamba au mnene (bibi atusamehe). Hata akiwa kijani, abonyezwe juu ya miguu yote miwili kwa dole gumba, sekunde 3. Shimo likibaki kote kuwili, amevimba: hospitali siku hiyo hiyo. Zahanati beba kijitabu cha mama na mtoto, wampime uzito na urefu, waangalie kama vitamini A ya kila miezi 6 na dawa ya minyoo amepata.

Kisiwani
Na chai je? Mkate wa kuchovya kwenye chai hujaza tumbo bure, tena chai huzuia madini ya chuma. Ale mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, huku akinyonya. Samaki mtoe miiba, mponde na wali au viazi, tia tui zito. Uji uwe wa kushika kijiko, si wa kumiminika.

MamaMatondoni
Shukran. Mhamasishaji akija tena nimlipe?

BintiShela
Hapana, ni bure. Ila akipima na kuaga bila kuuliza mtoto anachezaje, mkumbushe, nayo ni kazi yake. Vifuniko na kifuu cha nazi vyatosha kwa mchezo.