Buti la jointi ya nje limepasuka lakini jointi hailii: nibadilishe buti peke yake au draivushafti nzima?

Mwenye Gari Dogo (mwanzisha uzi)

Waungwana, naomba ushauri wenu kabla sijafanya uamuzi nitakaoujutia. Juzi nilipokuwa nikibadilisha pedi za breki za mbele, niliona upande wa ndani wa rimu ya kushoto umetapakaa grisi nyeusi na nzito, nayo imerushwa kwa mviringo hadi kwenye showapu na mkono wa chini wa saspensheni. Nilikata usukani hadi mwisho, nikamulika kwa tochi, nikakuta buti la jointi ya nje ya draivushafti (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu, wenye jointi ya ndani na ya nje) limepasuka kwenye mkunjo wa pili kutoka upande wa gurudumu. Mpasuko una urefu wa kidole gumba, na kwenye midomo yake grisi imeshikamana na chembe za mchanga.

Gari linaendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Nimelizungusha polepole kwenye uwanja mtupu, usukani umekatwa hadi mwisho kulia kisha kushoto, nikikanyaga mafuta kidogo kidogo, wala sikusikia ule mlio wa kugongagonga ambao watu huueleza. Fundi wa kwanza ameniambia kwamba buti likishapasuka jointi imekwisha, hivyo ninunue draivushafti nzima. Alisema hivyo bila hata kuinama kuitazama. Fundi wa pili amependekeza buti lile lililopasuliwa ubavuni tangu kiwandani, ambalo huvikwa na kugundishwa kwa gundi bila kufungua chochote. Mimi nina vifaa vya kawaida na nimeshawahi kufungua breki na showapu mwenyewe. Je, nibadilishe buti peke yake? Na je, kazi hii naiweza?

Spana Kumi na Saba

Ndugu yangu, umeliona mapema, na hilo ni jambo la kushukuru. Mafundi wote wawili wamekupa majibu kabla ya kuuliza swali lenyewe, nalo ni hili: jointi yako iko katika hali gani ndani? Buti ni mfuko tu wa kuzuia grisi isitoke na mchanga na maji visiingie. Chenye thamani ni jointi.

Jointi ya nje katika magari mengi ya aina hiyo ina gololi sita za chuma zinazotembea ndani ya mifereji, huku zikishikwa na kizimba, na hupinda hadi nyuzi 45 au zaidi kidogo usukani unapokatwa hadi mwisho. Ndiyo maana mabuti ya nje huchakaa kabla ya yale ya ndani: mikunjo yake hubanwa na kutanuliwa katika kila kona. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 huzunguka karibu mara 880 kwa dakika gari linapokwenda kilomita 100 kwa saa, na kwa kasi hiyo grisi haivuji kwa matone, bali hurushwa nje. Inayobaki huchanganyika na vumbi ikawa kama dawa ya kusugulia chuma. Hakuna anayeweza kukuambia jointi itadumu siku ngapi katika hali hiyo, kwa sababu inategemea barabara, maji na muda ambao buti limekaa wazi. Kwa hiyo punguza safari kuanzia leo, na kama huna budi kuliendesha, epuka madimbwi na barabara za vumbi.

Kutolia ni dalili njema, ila si hati ya afya. Jointi huanza kulia baada ya mifereji kuwa imekwisha kuchimbika. Fungua, osha, tazama, kisha ndipo uamue.

Mama wa Kilomita Nyingi

Naomba niseme neno kuhusu buti la kugundisha, kwa kuwa nililitumia. Mshono wake ulihitaji kuwa mkavu na safi kabisa, na kulifanikisha hilo chini ya gari ambalo grisi imetapakaa kila mahali ni kazi ngumu mno. Langu liliachia kwenye mshono baada ya wiki chache. Nililoliona baya zaidi ni kwamba grisi chafu ilikuwa bado imo ndani, maana huwezi kuiosha jointi ipasavyo bila kuichomoa, hivyo nilikuwa nimeufungia mchanga ndani ya nyumba yake. Linafaa kwa kukufikisha mahali pa matengenezo, basi.

Fundi wa Jioni

Nitaeleza kazi yenyewe, kwa sababu mtu aliyewahi kufungua showapu anaweza kuifanya akiwa na subira.

Kwanza nunua seti kamili ya buti linalolingana na gari lako, ikiwa na buti, klampu mbili, mfuko wa grisi na, ikiwezekana, pete mpya ya kubania jointi pamoja na nati mpya ya draivushafti. Nati hiyo huwa imegongwa shingoni au ina pini ya kuizuia isilegee, iliyogongwa isirudiwe. Ilegeze gari likiwa bado limesimama chini na mtu amekanyaga breki, kwa maana nguvu inayohitajika ni kubwa na hutaki kuitumia gari likiwa limening'inia. Kisha inua, weka stendi imara, wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Fungua gurudumu na ning'iniza kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) kwa waya ili isivutwe kwa mpira wake. Achanisha mkono wa chini wa saspensheni na kibebeo cha habu (kitovu cha gurudumu) pale kwenye boljointi, yaani kiungo kinachoviunganisha. Tumia kifaa cha kukamulia, kwa kuwa ile uma ya kupigilia hupasua buti la boljointi, na utakuwa umeponya jeraha moja kwa kufungua jingine. Magari mengine yanakulazimu kufungua pia tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Ukichagua kufungua bolti zinazounga showapu na kibebeo badala ya boljointi, ziwekee alama kabla, kwa kuwa mahali pengi bolti hizo ndizo zinazobeba mwinamo wa gurudumu, na ukizibadilisha mkao itabidi gari likapimwe mpangilio wa magurudumu.

Sukuma ncha ya draivushafti itoke kwenye habu. Ikigoma kwa kutu, rudisha nati ya zamani ikae sawa na ncha ndipo ugonge, ili hesi za ncha hiyo zisiharibike. Kuanzia hapa usivute draivushafti kuelekea nje kwa nguvu. Jointi ya ndani mara nyingi ni ya aina ya rola tatu zinazoteleza ndani ya kikombe, nayo ukiivuta inaweza kuachana ndani ya buti lake bila wewe kuona.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Katika magari mengi si lazima kuchomoa draivushafti kwenye giaboksi ili kubadilisha buti la nje. Kata buti la zamani, futa grisi mpaka uione nyota ya ndani ya jointi, yaani kile kipande ambacho mwili wa draivushafti huingia kwa meno. Egemeza kipande cha shaba kwenye nyota hiyo, upige pigo moja kali na la moja kwa moja kuelekea nje, huku mwenzako ameshika draivushafti isicheze. Pete ya kubania hujibana na jointi hutoka. Aina nyingine zina pete ambayo lazima uitanue kwa koleo la pete kabla ya kuvuta, kwa hiyo chungulia kwanza. Usipige kitu usichojua kimefungwaje. Usiguse kwa nyundo ule mviringo wenye meno madogo unaosomwa na sensa ya breki, kama upo.

Ukibaki na draivushafti ndani ya giaboksi, hakuna mafuta yanayomwagika. Ukiichomoa, uwe na sili mpya (pete ya kuzuia mafuta yasivuje) na uongeze mafuta ya giaboksi hadi kipimo chake.

Nimeona Mengi Barabarani

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, naomba nitetee upande wa draivushafti nzima, maana si kila anayeipendekeza ni mvivu. Kama jointi imekwisha kulia, au gari limetembea miezi mingi buti likiwa wazi, au ya ndani nayo inafanya gari litetemeke unapokanyaga mafuta, basi kununua nzima huokoa muda na kazi ya kurudia. Hoja yangu ni kwamba ubora wa zile zilizofanyiwa ukarabati hutofautiana sana. Nimeshaona jointi ya asili iliyooshwa na kuvikwa buti jipya ikidumu kuliko draivushafti ya bei rahisi iliyowekwa mahali pake.

Mwenye Gari Dogo

Nawashukuru sana. Nimefuata maelezo ya Fundi wa Jioni, na jointi ilitoka kwa pigo la tatu. Nimeiosha kwa mafuta ya taa mara tatu, na bakuli la kwanza lilibaki na mchanga chini. Nimeweka alama kwa rangi kwenye nyota, kizimba na kikombe (mwili wa nje wa jointi) ili kila kitu kirudi mahali pake, kisha nikainamisha nyota na kutoa gololi moja moja. Gololi zote sita zinang'aa. Kwenye mifereji ya kikombe naona njia nyembamba iliyong'arishwa mahali gololi zinapopita, na katika mfereji mmoja kuna doa la kijivu lenye ukubwa wa punje ya mchele. Je, hiyo imekwisha?

Spana Kumi na Saba

Njia iliyong'aa ni ya kawaida. Ni alama ya kazi, si ya ugonjwa. Kuhusu doa la kijivu, kausha kabisa, kisha pitisha ukucha polepole kutoka nje ya doa hadi katikati yake, na urudie kwa upande wa pili. Ukucha ukiteleza bila kukwama, hilo ni badiliko la rangi ya uso wa chuma na jointi inafaa kurudishwa. Ukucha ukishika kwenye ukingo, uso mgumu wa chuma umeanza kubanduka, na kuanzia hapo shimo hukua tu. Usiipotezee grisi mpya. Tazama pia madirisha ya kizimba, yaani nafasi ambamo gololi hukaa: kingo zake ziwe zimenyooka, zisiwe na ufa, na gololi isicheze kwa ulegevu ndani yake.

Mwenye Gari Dogo

Nimepitisha ukucha mara kadhaa, na unateleza pande zote mbili. Madirisha ya kizimba yako sawa. Naomba sasa mwongozo wa kufunga, hasa grisi. Je, naweza kuongeza grisi ya beringi niliyo nayo nyumbani?

Fundi wa Jioni

Hapana, tafadhali. Tumia ile iliyokuja na buti, yote, bila kuichanganya na nyingine. Grisi ya jointi za gololi kwa kawaida ni nyeusi kwa sababu ina molibdenamu disalfaidi, ambayo hulinda chuma mahali panapobanwa sana, na imechaguliwa ili isilile buti lenyewe. Ishindilie kwanza katikati ya jointi mpaka ichomoze kati ya gololi, na inayobaki iweke ndani ya buti. Kabla ya hapo hakikisha mafuta ya taa yamekauka kabisa, maana yakibaki yataiyeyusha grisi.

Kabla ya kurudisha jointi, ingiza kwenye draivushafti klampu ndogo, kisha buti, huku meno ya draivushafti yakiwa yamezungushiwa utepe ili yasikwaruze mdomo wa buti. Ukisahau mpangilio huo, utalazimika kuing'oa jointi tena. Toa utepe, weka pete mpya ya kubania, gonga jointi kwa nyundo ya plastiki mpaka usikie pete imeingia mahali pake, kisha ivute kwa mkono kuhakikisha kwamba haitoki.

Sehemu mbili ambazo midomo ya buti hukalia ziwe kavu, bila hata alama ya grisi. Kaza klampu kubwa kwanza. Kabla ya kukaza ndogo, nyoosha jointi, inua mdomo mdogo wa buti kwa kitu butu na uache hewa isawazike, ili buti lisibaki limevimba wala limenywea. Lililonywea hujisugua mkunjo kwa mkunjo na kupasuka mapema. Klampu za masikio zina koleo lake maalumu, na kama buti lako ni la plastiki ngumu badala ya raba, ukazaji huo unahitaji nguvu zaidi.

Nati ya draivushafti ifuate kipimo cha mwongozo wa gari lako. Magari mengi madogo huhitaji nyutoni-mita 200 au zaidi, na kwa hiyo usikisie kwa mkono. Usiliteremshe gari likasimama au likasukumwa nati ikiwa imelegea, kwani beringi ya habu inaweza kuumia. Osha pia grisi yote iliyorukia diski ya breki, na pedi zilizolowa grisi zibadilishwe.

Mwenye Gari Dogo

Narudi na taarifa. Kazi ilinichukua siku nzima, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye boljointi. Pedi za kushoto, ambazo ni mpya, zilikuwa safi, ila diski niliisafisha pande zote mbili. Klampu ndogo niliikaza mara ya kwanza kwa koleo la kawaida, nayo ilizunguka nilipoijaribu kwa vidole. Nimeazima koleo lake, nikaweka klampu nyingine, na sasa haisogei. Nimekwenda kilomita 40 zenye kona nyingi, nikarudi na kuifuta mikunjo yote ya buti kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka na vumbi tu, bila grisi. Nitalifungua tena gurudumu baada ya kilomita 500 nitazame klampu zote mbili, na nikiwa chini huko nitalikagua buti la kulia, kwa kuwa lina umri sawa na lile nililolitoa.