Amemzima mwigizaji Lillian Gish mkono ukiwa kwenye maji ya barafu!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule mwenye banda la mpira mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Hela nimempa tangu mchana, flashi nimekuja nayo mwenyewe, tuangalie filamu ya Way Down East ya 1920. Tumekaa kwenye mabenchi yake zaidi ya saa mbili tukiusubiri mto. Mto ukafika. Lillian Gish kalala juu ya pande la barafu, ni barafu ya kweli ya Vermont, Marekani, nywele zinaburuzika, mkono unaingia majini... PAP! Rimoti. Watu wanapiga kona!

Namuuliza kulikoni, ananijibu mbele za watu: "Filamu yako mbovu, haina sauti. Huyo dada mwenyewe hasemi kitu."

HASEMI KITU! Mtu kaanza filamu 1912, kamaliza 1987! Miaka 75 mbele ya kamera! Banda lake lina miaka mitatu na upepo umeshaliezua mara mbili.

Na ule mkono hakulazimishwa. Gish mwenyewe ndiye aliyemwambia mwongozaji, Griffith, kwamba auache majini. Vidole vikamsumbua maisha yake yote, na alikufa ana miaka 99! Mkono huo ndio umezimwa kwa ajili ya kona. Kona yenyewe imeishia mikononi mwa kipa!

Kobe Mzee: Nimecheka kama mazuri. Mpira unachezwa, wewe unaleta barafu bandani?

Mleta mada: Kobe, MKONO ULIKUWA MAJINI. Angetuachia hata sekunde kumi tuvione vidole.

Bi Shari: Unamlilia huyo, mbona ile ya 1915 huisemi? The Birth of a Nation, na Griffith huyohuyo, Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi wa Marekani, wamefanywa mashujaa na Gish wako yumo. Chuo cha Bowling Green kule Ohio, Marekani, kiliondoa jina lake na la mdogo wake Dorothy kwenye ukumbi wa filamu mwaka 2019.

Mleta mada: Ile ni uchafu, siitetei hata kidogo. Mimi nasema mkono.

Mvuvi Nchi Kavu: Afadhali wewe umezimiwa. Mimi juzi mama analia msibani kwenye muvi, mtafsiri anatangaza namba yake ya simu juu ya kilio.

Kobe Mzee: Hao watafsiri ndio balaa! Muuaji unatajiwa dakika ya tano.

Mleta mada: Turudi kwenye mkono jamani.

Bi Shari: Hivi lile benchi la nyuma lenye msumari bado lipo? Lilinichania dera, hata halijafuliwa mara moja.

Mvuvi Nchi Kavu: Lipo. Mimi suruali mbili.

Kobe Mzee: Kumbe ni msumari! Mke wangu mpaka leo ananiuliza ile suruali nilichanikia wapi.