Mrejesho: ukaguzi maalumu wa muundo, kibali kimetoka

Wakuu, niliuliza nani amlipe mkaguzi maalumu (mtu huru anayekagua kazi za muundo wa jengo wakati wa ujenzi) aliyetakiwa na ofisi ya vibali vya ujenzi: mimi au mkandarasi? Asanteni sana kwa majibu: ni mwenye jengo, yaani mimi. Mkandarasi hawezi kumwajiri mtu wa kukagua kazi yake mwenyewe, na naona ni haki kabisa. Orodha ya ukaguzi aliiandaa mhandisi wa michoro: nondo kabla ya kumwaga zege, uchomeleaji wa vyuma, boliti. Sampuli za zege zitapimwa maabara siku ya 7 na ya 28 baada ya kumwagwa.

Kinachonishughulisha sasa ni ratiba. Nondo zikifunikwa kabla mkaguzi hajaziona, zege linaweza kuamriwa livunjwe. Fundi mkuu nimeshamwambia: bila saini ya mkaguzi, hakuna kumwaga.