Mahindi yamebeba magunzi yenye mapengo, naomba ushauri
Habari zenu wakulima wenzangu. Nalima ekari mbili huku Magu, mkoani Mwanza, karibu na Ziwa Victoria. Mahindi yalistawi vizuri sana, ila mbelewele (maua ya kiume ya juu) zilipoanza kutoka mvua ikakata wiki mbili, jua likawa kali mno. Ikifika saa sita majani yamejikunja kama mkeka. Jana nimemenya hindi moja: punje chache upande mmoja, nchani tupu kabisa. Inauma. Naelewa joto likipita nyuzi 35 chavua huharibika, na ndevu za hindi zikikauka mapema haziipokei. Pampu ninayo. Je, msimu ujao nimwagilie zaidi wakati wa kuchanua, au niwahi kupanda kwa mbegu ya muda mfupi? Waliopitia haya naomba mnisaidie.