Watu wa Chumbageni 🥊 (Jumamosi kwa Babu)

Jumatano

18:41 Shangazi Mwaka: Assalam alaykum. Jumamosi iko palepale, baada ya isha, uani kwa Babu. Nimeuliza tangu juzi, kimya. Nataka majibu leo: nani anachukua projekta, nani hajatoa 5,000, na tunaangalia pambano lipi. Mimi nasema Manila 1975, Muhammad Ali na Joe Frazier.

19:26 Rama: Waalaykum salaam Shangazi. Watoto wanataka Kinshasa 1974, Ali na George Foreman. Foreman kaenda kule na mapambano 40, yote kashinda, 37 kwa KO, yaani mpinzani kashindwa kuendelea. Ali anaegemea kamba, anamwacha ajichokeze, uwanja mzima "Ali boma ye" (Ali muue), raundi ya 8 jamaa yuko chini. Kuna la zaidi?

19:28 Shangazi Mwaka: Lipo. Frazier. Kapigana mara 37, kashinda 32, sare 1, kapoteza 4. Na hizo 4 amepewa na watu wawili tu duniani, Foreman mara mbili, Ali mara mbili. Ali kafungwa na watu watano: Frazier, Norton, Spinks, Holmes, Berbick.

19:30 Rama: Holmes na Berbick ni 1980 na 1981, Ali keshachoka. Na miaka yake mizuri walimnyima leseni ya ngumi kwa kukataa jeshi.

19:33 Shangazi Mwaka: Frazier naye alirudi 1981 kachoka, ndiyo hiyo sare. Sisi tunahesabu ya wote au hatuhesabu ya yeyote. Tarehe 8 Machi 1971, New York, wote wawili hawajawahi kupigwa, raundi ya 15 ile ngumi ya kushoto ya Frazier ikamlaza Ali chali. Majaji wote wakampa Frazier. Hapo Ali hakuwa mzee.

19:47 Zena: Naomba kuuliza, kutakuwa na kababu au ni ngumi tupu? 😂

19:48 Baba Zena: Foreman ndiye aliyekuwa anauza majiko ya kuchomea nyama, muulizeni Rama

19:48 Zena: 😂😂😂

19:49 Shangazi Mwaka: Kababu baadaye. PROJEKTA.

20:15 Mama Nuru: Projekta iko kwa Mjomba Hamza. Na mnajua habari ya turubai.

20:31 Mjomba Hamza: Sijasema sitoi. Nimeuliza turubai langu tu.

20:32 Baba Zena: Turubai lilirudi Mjomba, nililileta mwenyewe

20:32 Mjomba Hamza: Lilirudi na tundu.

20:33 Baba Zena: Tundu lilikuwepo

20:33 Mjomba Hamza: Halikuwepo. Muulize mama yako.

20:35 Shangazi Mwaka: Jamani turubai lisubiri. Mvua haipo Jumamosi.

22:50 Salim (Muscat): Nimetoka kazini sasa hivi, nasoma tangu juu. Mnamsahau Foreman. Mapambano 81, ushindi 76, KO 68. Kingston 1973 kamwangusha Frazier huyohuyo mara sita ndani ya raundi mbili. Halafu 1994, ana miaka 45, anapigwa na bingwa Moorer raundi kwa raundi, ya 10 anampa ngumi fupi ya kulia kidevuni, mkanda unarudi. Na bukta aliyovaa ni ileile ya Kinshasa, kaitunza miaka 20. Mtu gani amefanya hivyo?

22:58 Shangazi Mwaka: Salim, Foreman namheshimu, Mungu amrehemu. Ila Ali huyu mnayemwimba kafanywa mkubwa na Frazier. Manila mwisho wa raundi ya 14 uso umevimba, macho hayaoni ngumi zinakotoka, Frazier bado anataka kunyanyuka. Kocha wake Eddie Futch ndiye aliyekataa. Ali mwenyewe alikuwa hoi kwenye kiti chake. Mwenye kubisha akaangalie ile dakika ya mapumziko.

22:59 Shangazi Mwaka: Salim na 5,000?

Alhamisi

05:52 Babu: Nimesoma. Mwaka 1980 Ali aliletwa Dar na serikali ya Carter wa Marekani atushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu akakataa kuonana naye. Tuliompenda tuliumia, lakini Mwalimu alifanya sawa. Frazier alimsemea Ali arudishiwe leseni, na hela alimpa. Ali akaja kumwita sokwe mbele ya dunia nzima, mtu mweusi mwenzake. Frazier alikaa na maneno yale miaka mingi. Kwangu hapa mtaangalia mnalotaka, ila watoto waelezwe hilo kabla ya kengele ya kwanza. Hamza, lete projekta.

06:10 Mama Nuru: Shikamoo Babu 🙏🏾

06:14 Baba Zena: 🙏🏾

06:40 Rama: Shikamoo Babu. Nimekuelewa. Nitawaeleza mimi mwenyewe.

07:05 Mjomba Hamza: Shikamoo mzee. Nitaileta. Ila waya wa spika sina.

07:09 Shangazi Mwaka: Shikamoo Babu, ahsante. Basi ni Manila?

09:30 Rama: Kinshasa kwanza Shangazi, ndiyo Manila. Raundi 22 tu.

09:31 Zena: Raundi 22 bila kababu??

11:12 Salim (Muscat): Anzeni na Kingston, ni fupi. Hela natuma kesho inshallah.

11:20 Shangazi Mwaka: Kesho ni Ijumaa, Salim. Mkaa nanunua na nini? Na waya wa spika nani anao? Rama? Nakuona uko hewani.